Sauti za simu za ofisi zinakatika kila saa kumi alasiri ingawa nimezipa kipaumbele

Mtunza mtandao, Iringa Mjini

Kamwene ndugu wanajukwaa. Ninasimamia mtandao wa chama kimoja cha akiba na mikopo chenye makao hapa Iringa Mjini na matawi matatu: Mafinga, Makambako na Njombe. Matawi yote yameunganishwa na makao makuu kwa VPN, yaani njia ya faragha iliyosimbwa, inayopita juu ya intaneti ya kawaida, na tunatumia simu za IP, yaani zinazopita kwenye mtandao wa data, kati ya ofisi zetu ili kupunguza gharama za kupigiana kwa simu za mkononi. Laini ya makao makuu ni ya redio kutoka mnara wa mtoa huduma, na mkataba unatupa megabiti 10 kwa sekunde za kupakua na megabiti 4 za kupakia.

Shida inaanza saa kumi alasiri, wakati hesabu za siku zinafungwa na seva yetu inapotuma nakala rudufu nje ya ofisi. Kuanzia hapo hadi karibu saa kumi na moja na nusu, sisi wa Iringa tunawasikia wenzetu wa matawini vizuri kabisa, lakini wao wanatusikia kwa vipande vipande. Wiki iliyopita meneja wa mikopo aliidhinisha kwa simu milioni moja na laki nane, na mhasibu wa Makambako akasikia milioni moja tu. Kosa liligunduliwa kabla fedha hazijatoka, lakini tangu siku hiyo sina amani na mtandao huu.

Nimekwisha kufanya yafuatayo. Simu zote zinaweka alama ya DSCP 46, yaani namba inayoomba itangulizwe, kwenye pakiti (vipande vidogo vya data) za sauti, na kwenye ruta nimetengeneza daraja la sauti lenye kipaumbele cha juu kuliko trafiki nyingine zote. Nimepima pia muda wa pakiti kwenda hadi kwenye ruta ya kwanza ya mtoa huduma na kurudi: asubuhi ni milisekunde 20, saa kumi na robo alasiri ni milisekunde 540. Baada ya kuweka kipaumbele nilipima upya na namba hazikubadilika hata kidogo. Je, hizi alama hazina maana nje ya vitabu, au kuna jambo nimelikosea? Bodi iko tayari kulipia kasi maradufu ya kupakia, ila sitaki kuwaomba fedha za wanachama kabla sijaelewa ugonjwa wenyewe.

Mwalimu wa mitandao, Mbeya

Kamwene nawe, na pole kwa usumbufu. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, yaani umepima kabla ya kuuliza, kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya vipimo vyako mwenyewe.

Chukua tofauti kati ya milisekunde 540 na 20, ambayo ni 520, uizidishe kwa megabiti 4 kwa sekunde. Utapata takribani biti 2,080,000, yaani kilobaiti 260, au pakiti 173 za baiti 1,500 kila moja. Mzigo huo wote umejipanga mahali fulani ukisubiri kutoka. Sasa itazame ruta yako. Ikiwa ni kama ruta nyingi za siku hizi, mlango wake unaoelekea kwenye redio una kasi ya gigabiti 1 au angalau megabiti 100, kwa hiyo machoni pake njia iko wazi muda wote: pakiti ikifika inatoka papo hapo, na kwa kuwa hakuna zinazosubiri, hakuna ya kuitanguliza. Foleni inajengeka hatua moja mbele, ndani ya kifaa cha redio cha mtoa huduma, ambacho kina kumbukumbu kubwa na kinazitoa pakiti kwa mpangilio ule ule zilivyoingia bila kusoma alama yoyote. Amri yako ya kipaumbele ni sahihi, lakini imewekwa mahali pasipo na foleni, na kipaumbele pasipo na foleni hakina kazi ya kufanya.

Wewe ni mtu wa Iringa, kwa hiyo nikukumbushe mlima Kitonga. Malori yaliyojaa mizigo yanapanda taratibu na foleni inajipanga nyuma yake kwenye kona. Ukimweka askari kule Ruaha Mbuyuni, barabara ikiwa tupu, umwagize ayatangulize mabasi, hatabadilisha chochote, kwa sababu pale alipo kila gari linapita bila kusubiri na basi litakwenda kukwama nyuma ya lori lile lile mlimani. Lakini ukimpa amri ya kuyazuia malori chini na kuyaachia kwa kadiri ile tu ambayo mlima unaweza kuibeba, foleni itahamia miguuni pake, na hapo ndipo atakuwa na uwezo wa kuchagua nani apite kwanza.

Kwenye ruta, kazi hiyo ya kuzuia inafanywa na kidhibiti kasi. Weka ukomo wa kupakia kwa jumla, ulio chini kidogo ya kasi halisi ya laini. Kwa megabiti 4 ningeanza na 3.6. Madaraja yako yote yawe ndani ya ukomo huo. Redio haitapokea kamwe zaidi ya inachoweza kukitoa, bafa yake, yaani ile kumbukumbu ya foleni, itabaki tupu, na pakiti zitakazosubiri zitasubiri ndani ya ruta yako, mahali ambapo alama ya 46 inasomwa. Pakiti ya sauti ikifika itakuta mbele yake, kwa ubaya zaidi, pakiti moja kubwa ambayo tayari imeanza kutoka. Kwa kasi ya megabiti 4, baiti 1,500 hutoka kwa milisekunde 3. Linganisha na nusu sekunde unayoipata sasa, huku pendekezo la G.114 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, likisema kwamba mazungumzo hubaki mazuri ikiwa ucheleweshaji wa upande mmoja hauzidi milisekunde 150.

Kuhusu kununua kasi maradufu, fanya hesabu kabla ya kwenda kwenye bodi. Itifaki ya TCP inayobeba nakala rudufu huongeza mwendo hadi pakiti zianze kupotea, na bafa kubwa huchelewesha upotevu huo, kwa hiyo itaijaza megabiti 8 kama inavyoijaza 4. Bafa ile ile ya kilobaiti 260 kwa megabiti 8 itachukua milisekunde 260 kumalizika. Mtakuwa mmelipa mara mbili ili kupata nusu ya ugonjwa.

Alama nazo zina maana, ila mipaka yake ijulikane. Sehemu ya kichwa cha IP (maelezo yanayotangulia kila pakiti) inayozibeba ilikuwapo tangu mwaka 1981, kisha mwezi Desemba 1998 waraka RFC 2474 (RFC ni nyaraka za kiufundi za intaneti) ukaipangia upya biti 6, zinazotoa thamani 64. Mtindo wa mwaka 1994 wa kila mazungumzo kuomba nafasi yake katika kila ruta njiani haukuenea kwenye intaneti, kwa kuwa ruta za katikati zingelazimika kukumbuka habari za mitiririko isiyo na idadi. Mtindo wa madaraja ulishinda kwa sababu pakiti inabeba alama tu, na kila ruta inaamua yenyewe iitendee vipi. Maana yake ni kwamba alama ni ombi. Watoa huduma wengi huifuta au huipuuza pakiti inapoingia kwao, nao hawana kosa, kwani kama wangeziamini alama za kila mteja, kila mteja angejipa 46.

Mhandisi wa redio, Tukuyu

Mugonile. Ninakubaliana na Mwalimu kuhusu kuihamisha foleni, lakini nina mambo mawili, na moja linampinga kidogo.

La kwanza ni kwamba namba 3.6 inadhani laini ni ile ile asubuhi na jioni. Niliwahi kuhudumia ofisi moja ya biashara ya chai hapa wilayani Rungwe, ambako mvua zinaanza Novemba na bado zinanyesha Mei, na tulisumbuka miezi miwili kwa kosa hilo hilo. Redio inayotumia masafa ya gigahezi 5 haisumbuliwi sana na mvua, lakini zile za gigahezi 18 au 23 nguvu yake hunyonywa na matone, na redio za kisasa zikiona hivyo hushuka zenyewe kwenye mwendo wa polepole ili zisipoteze mawasiliano. Kwa nusu saa ya dhoruba laini yetu ilikuwa ikishuka chini ya ukomo tuliouweka, foleni inarudi ndani ya redio, na simu zinakatika huku kila kitu kwenye ruta kinaonekana kizuri. Muulize mtoa huduma wako ni masafa gani, na upime kasi halisi mvua ikiwa inanyesha, si siku ya jua. Sisi tulimaliza kwa kuweka programu ndogo inayopima ucheleweshaji kila sekunde na kushusha ukomo kidogo kidogo unapopanda, kisha kuurudisha taratibu hali ikitulia.

La pili ni kwamba sioni haja ya madaraja mengi. Tangu Kathleen Nichols na Van Jacobson watoe CoDel, kanuni ya kusimamia foleni, mwaka 2012, ruta inaweza kupima muda ambao pakiti imekaa kwenye foleni, badala ya kuhesabu urefu wa foleni tu. Muda huo ukiendelea kuwa juu ya milisekunde 5 kwa kipindi cha milisekunde 100, ruta huanza kuangusha pakiti chache ili mtumaji apunguze mwendo mapema. Ukiiunganisha na mgawanyo wa haki, ambao ndio FQ-CoDel ya waraka RFC 8290, kila mtiririko, yaani mfululizo wa pakiti za simu moja au faili moja, hupewa foleni yake, na mtiririko mwembamba kama wa sauti, usioacha pakiti nyuma yake, hupita mbele bila kuombewa na mtu. Hakuna alama za kusimamia wala mabishano ya nani ni muhimu. Kwa ofisi ndogo ningewasha hiyo tu, niweke ukomo, niende nyumbani.

Mtunza mtandao, Iringa Mjini

Nawashukuru sana, Mwalimu na Mhandisi. Kiungo cha ruta na redio ni gigabiti 1 kama Mwalimu alivyokisia. Mtoa huduma amenijibu kwamba redio yetu ni ya gigahezi 5, kwa hiyo hilo la mvua naliweka akiba kwa ajili ya Njombe, ambako laini ni ya namna nyingine.

Kinachonitatiza sasa ni suala la nani aingie daraja gani. Nilipoanza kuuliza idara, watu wa mfumo wa mikopo walisema wao ndio roho ya chama, watu wa ulinzi wakasema picha za kamera haziwezi kusubiri, na meneja akataka mikutano ya video iwe pamoja na simu kwenye daraja la juu. Je, kuna ubaya gani wote hao wakiwa juu, na nakala rudufu peke yake ikabaki chini?

Mwalimu wa mitandao, Mbeya

Ubaya upo, na ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Ruta ikiwa na kipaumbele kamili, kila mara inapotaka kutoa pakiti inatazama kwanza daraja la juu, na maadamu humo kuna kitu haiangalii chini. Ukiziingiza humo kamera zinazotuma megabiti 3 mfululizo, kila kilicho chini kitakufa njaa, na sauti itakuwa imewekwa foleni moja na picha za geti. Daraja la juu ni la vitu viwili kwa pamoja: vyembamba, na visivyovumilia kusubiri. Kamera si nyembamba. Mfumo wa mikopo ni muhimu kweli, lakini umuhimu wa kibiashara na kutovumilia kusubiri ni mambo mawili tofauti: karani hatagundua fomu ikichelewa kwa milisekunde 100, lakini anachohitaji ni uhakika kwamba hatanyimwa njia kabisa. Huyo mpe kiwango cha chini kilichotengwa kwa ajili yake, bila kumtanguliza mbele ya sauti.

Waraka RFC 4594 wa mwaka 2006 unapendekeza madaraja 12. Usiyaige. Kwenu manne yanatosha: sauti, mfumo wa mikopo pamoja na mikutano ya video, matumizi ya kawaida, na la chini kabisa la nakala rudufu na kamera, linalokula kilichobaki. Saa nne usiku, kila mtu akiwa amelala, hilo la chini litapata laini yote, kwa hiyo halionewi.

Daraja la sauti liwekee dari, na dari hiyo ihesabiwe. Simu moja ya G.711, mfumo wa kugeuza sauti kuwa data, ina kilobiti 64 za sauti kwa sekunde, lakini inatuma pakiti 50 kwa sekunde, na kila pakiti yenye baiti 160 za sauti inavikwa baiti 40 za vichwa, hivyo tayari ni kilobiti 80. Ongeza kivazi cha VPN na cha Etheneti, utakaribia 110. Simu nane kwa wakati mmoja ni kilobiti 880, kama robo ya ukomo wako wa 3.6, na watu wengi wa fani hii hawapendi sauti izidi theluthi. Tafadhali zingatia hili kwa moyo wote: simu ya tisa ikiingia kwenye daraja lililopimiwa nane, haiharibiki yenyewe peke yake. Pakiti zinazozidi hazina jina la mwenyewe, kwa hiyo wote tisa wanaanza kukatika. Ruta haiwezi kuzuia hilo. Weka ukomo wa simu nane kwenye mtambo wenu wa simu, ili wa tisa asikie kwamba laini zina shughuli, na wanane waendelee kusikilizana.

Mhandisi, ushauri wako wa mgawanyo wa haki ni mzuri na ningeutumia ndani ya daraja la kawaida. Kwenye laini hii, hata hivyo, kuna VPN. Pakiti zikishasimbwa na kufungwa, simu na mafaili yanayokwenda Makambako yote yanabeba anwani zile zile mbili za nje, na ruta inayogawa haki kwa mitiririko mara nyingi itaona mtiririko mmoja mnene. Sauti haitatambulika tena kuwa nyembamba. Hapo alama ndiyo inayookoa, mradi inakiliwe kutoka kichwa cha ndani kwenda cha nje. Kati ya aina za VPN, IPsec kwa kawaida huinakili, WireGuard haiinakili. Kwa hiyo, ndugu yetu wa Iringa, kabla ya kingine chochote, nasa pakiti chache kwenye mlango wa nje wa ruta wakati mtu anaongea na simu, uone kama 46 imo kwenye kichwa cha nje.

Mhandisi wa redio, Tukuyu

Hilo la VPN sikulifikiria, na nalikubali. Njia zote mbili zinaweza kukaa pamoja: CAKE, programu ya kusimamia foleni iliyoingia kwenye kiini cha mfumo endeshi wa Linux mwaka 2018, ina hali ya madaraja manne inayosoma alama na kugawa haki ndani ya kila daraja, na daraja lake la sauti likizidi robo ya kasi hupoteza upendeleo badala ya kuwafisha njaa wengine. Kama ruta yako inayo, itakupunguzia kazi.

Mtunza mtandao, Iringa Mjini

Narudi na matokeo ya siku nne. Niliponasa pakiti kwenye mlango wa nje nilikuta nusu ya simu zina alama ya 46 na nusu zina sifuri. Ilinichukua asubuhi nzima kugundua kwamba swichi ya ghorofa ya pili ilikuwa inafuta alama za kila kinachotoka kwenye milango yake, kwa sababu ndivyo ilivyotoka kiwandani. Nimeiagiza iziamini alama kwenye milango ya simu peke yake, na kompyuta za mezani ziendelee kufutiwa, ili mtu asijipandishe daraja kwa programu aliyoiweka mwenyewe.

Baada ya hapo niliweka ukomo wa 3.6 na madaraja manne. Jana saa kumi na robo, nakala rudufu ikiwa katikati ya safari, muda wa kwenda na kurudi ulikuwa milisekunde 34. Mafinga na Makambako wanasema wanatusikia kama tumekaa chumba kimoja. Nakala rudufu sasa inamalizika saa kumi na moja na dakika hamsini badala ya saa kumi na moja na nusu, na hakuna aliyelalamika. Nimemwambia meneja tusiongeze mkataba.

Njombe peke yake bado wanasikia vipande. Laini yao ni megabiti 2 za kupakua, na saa hiyo hiyo wanavuta ripoti kutoka kwenye seva yetu ya Iringa. Nimeweka kipaumbele kwenye ruta yao, ila najua sasa kwamba nimemweka askari ng'ambo ya mlima: pakiti zinapoifikia ruta ya Njombe zimekwisha kuvuka mlima. Nifanyeje kwa trafiki inayoingia?

Mhandisi wa redio, Tukuyu

Foleni ya kupakua ya Njombe iweke Iringa. Karibu kila kinachoijaza laini yao saa kumi kinatoka kwako kupitia VPN, kwa hiyo wewe ndiye uliye kabla ya mlima wao. Kwenye ruta ya makao makuu, ndani ya ule ukomo wa 3.6, tengeneza tawi la Njombe lenye ukomo wa megabiti 1.2, na ndani yake madaraja yale yale manne. Usilitoe nje ya ukomo mkuu likajitegemea, maana vidhibiti viwili visivyojuana vitaijaza redio yako upya.

Nimesema 1.2 badala ya 1.7 kwa sababu wafanyakazi wa Njombe wanaweza kuwa wanafungua intaneti moja kwa moja bila kupita kwako, na hicho ruta ya Iringa haikioni. Kwa hicho, weka kwenye ruta ya Njombe ukomo wa kilobiti 500 kwa trafiki inayoingia nje ya VPN. Ni kweli kwamba pakiti hizo zimekwisha kuvuka, lakini zikiangushwa mlangoni, watumaji wa TCP huko mbali wataona upotevu na kupunguza mwendo, na baada ya sekunde chache laini itatulia chini ya megabiti 2. Kinachotumwa kwa itifaki nyingine, UDP, bila kujali upotevu hakitatii, na kama kuna kitu cha namna hiyo pale, itabidi uzungumze na anayekitumia.

Kwa kasi yao pakiti kubwa moja inachukua milisekunde 6 kutoka, na simu tatu kwa pamoja ni kilobiti 330, kwa hiyo nafasi ya sauti ipo. Ila ulisema laini yao ni ya namna nyingine. Kabla ya kuandika hizo namba, wapigie Njombe siku mvua inaponyesha, wakupimie megabiti 2 zimebaki ngapi.